Kutoka Chumba cha Upasuaji Hadi Mlima Kenya: Tulitembea kwa Ajili ya Nauli

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi na wahudumu wa afya ya jamii, mjini Nyeri, Machi 2026. Tunaichapisha yote kwa sababu wengi waliokosa nafasi ukumbini wameiulizia.



Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye huwaambia redioni barabara gani imefungwa, chanjo itatolewa zahanati ipi na siku ya mwisho ya kulipia leseni ya biashara ni lini. Leo sikuja na tangazo la barabara. Nimeombwa nieleze jinsi mtu aliyefanyiwa upasuaji wa saratani Agosti 2024 alivyojikuta kwenye Mlima Kenya Februari mwaka huu, amevaa kofia ya sufu, anatembea pole pole kama kinyonga. Nitaeleza. Lakini tuelewane mapema. Mlima ulikuwa njia ya kuchangisha pesa tu. Tulichokuwa tunatafuta ni nauli.

Naomba tupige hesabu pamoja, na mwalimu yeyote aliyepo anisahihishe. Mgonjwa wa saratani ya matiti anaweza kupangiwa mizunguko minane ya kemo, mmoja kila baada ya siku 21. Kabla ya kila mzunguko sharti apimwe damu, kwa sababu dawa hiyo hushusha chembe nyeupe, na zikiwa chini sana hawezi kutiwa dawa nyingine. Mara nyingi kipimo hufanywa siku moja kabla. Kwa hiyo ni safari kumi na sita. Sasa mweke mgonjwa huyo ndani kabisa ya Kieni. Tuseme bodaboda na matatu vinamgharimu shilingi 350 kuja na 350 kurudi. Siku ya damu anaweza kuja peke yake, 700. Siku ya dawa hawezi, maana atarudi amelegea, pengine anatapika, basi kuna mtu wa kumshika mkono, 1,400. Ukijumlisha mizunguko minane unapata shilingi 16,800. Hapo sijanunua chai. Sijagusa mionzi, ambayo hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu hadi tano, na ambayo wengi wetu tumeifuata Nairobi, kilomita 150 hivi kutoka hapa, mahali ambapo si kila mtu ana shangazi wa kumlaza.

Mimi nilianza kemo nikiwa na kadi ya NHIF na kuimaliza nikiwa SHA, kwa sababu mabadiliko yale ya Oktoba 2024 yalinikuta katikati ya matibabu. Bima hulipia dawa, hulipia kitanda, hulipia daktari. Haina kifungu cha bodaboda.

Kwenye kiti kilichokuwa mkabala na changu alikuwa akiketi mama mmoja wa watoto wanne. Alikuwa mkulima wa viazi, mcheshi, mtu wa kukuambia kichwa chako kisicho na nywele kimekaa kama yai la bata. Mzunguko wa tatu hakuonekana. Wa nne pia. Alipokuja tena, muuguzi alimuuliza kwa upole, "Mama, mbona ulitupotea?" Akasema viazi vilikuwa bado shambani. Hakuongeza neno, na muuguzi hakuuliza zaidi, kwa sababu katika kaunti hii kila mtu anajua maana ya viazi kuwa bado shambani. Alifariki mwezi wa Mei mwaka jana. Sitasema nauli ndiyo iliyomwua. Daktari hakusema hivyo, na mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba dawa ilikuwepo, kiti kilikuwepo, bima ilikuwa imelipwa, na yeye hakuwepo.

Huwa tunazungumza sana kuhusu saratani inapomchukua mtu mkubwa. Mnakumbuka Julai 2019. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore wa Safaricom, tarehe 26 Mbunge wa Kibra Ken Okoth, tarehe 29 Gavana wa Bomet Joyce Laboso. Mwezi mmoja. Nchi ilisimama, vipindi vya redio vikajaa madaktari. Na sisi wa Nyeri tunakumbuka Septemba 2011, tulipompoteza Profesa Wangari Maathai, binti wa Ihithe, kwa saratani ya ovari. Wakenya wengi walijua kwamba alikuwa mgonjwa siku walipotangaziwa kifo chake. Lakini makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya kuwa zaidi ya 42,000 na vifo kuwa zaidi ya 27,000 kwa mwaka mmoja. Hao si magavana. Ni watu wa viazi, wa majani chai, wa mboga sokoni Karatina, na wako katika nyumba ambazo nyinyi wahudumu wa afya ya jamii huzitembelea kila wiki.

Niseme kidogo juu ya upasuaji wenyewe, kwa sababu kuna akina mama hapa wanaouogopa kuliko ugonjwa. Niliondolewa titi la kushoto na baadhi ya tezi za kwapani. Niliamka nikiwa na mrija mwembamba ubavuni unaotoa maji kwenye kichupa, nikatembea nao kwa siku kadhaa nimeuficha ndani ya leso kama mtu aliyeiba kitu dukani. Maumivu yalikuwepo ila yalivumilika. Kilichonishangaza ni mkono. Siku ya kwanza ya mazoezi, mtaalamu wa viungo alinisimamisha mbele ya ukuta akaniambia nitambaze vidole kuelekea juu, kama buibui. Nilifika usawa wa kidevu. Akachora mstari mdogo kwa penseli. Kesho yake tukachora mwingine, juu kidogo ya ule wa kwanza. Huo ukuta ndio mlima wangu wa kwanza, na ulinichukua wiki sita kuumaliza.

Zamani watu waliofanyiwa upasuaji wa aina yangu walikuwa wakiambiwa wasinyanyue chochote, mkono usije ukavimba. Uvimbe huo upo kweli, kwa sababu tezi zikishaondolewa maji ya mwili hupoteza njia yake. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, ambao uliwafuatilia wanawake wenye uvimbe huo wakinyanyua vyuma taratibu chini ya uangalizi, ulionyesha kwamba mazoezi hayakuwazidishia uvimbe. Mwaka uliofuata wataalamu wa huko wakatoa mwongozo unaowataka wagonjwa wa saratani waepuke kukaa tu bila kujisogeza. Naupenda mwongozo huo kwa sababu unapingana na upendo wetu. Sisi mgonjwa tukimpenda tunamketisha. Tunampa uji, tunamfunika blanketi, tunamnyang'anya hata kikombe anachotaka kukiosha. Mama yangu alinifanyia hivyo kwa miezi miwili, na ilibidi dada yangu aingilie kati.

Sasa mlima. Kikundi chetu cha kliniki kina watu kumi na tisa. Kumi na saba ni wanawake na wawili ni wanaume. Mmoja wa wanaume hao ana saratani ya matiti, na nikisema hivyo kila mara kuna mtu hushtuka, basi nirudie: wanaume pia wana matiti, na wachache wao huugua, takriban mgonjwa mmoja kati ya mia. Baada ya mazishi ya yule mama tulikaa kwenye benchi la nje, tukajiuliza tufanye nini. Mmoja akapendekeza harambee. Wengine wakaguna, kwa sababu mwezi huo peke yake kila mmoja wetu alikuwa amealikwa kwenye harambee tatu. Mwingine akapendekeza chakula cha jioni hotelini, lakini ukishalipa hoteli hubakiwi na kitu. Ndipo huyo mwanamume akanyoosha mkono kuelekea mashariki, ambako asubuhi hiyo wingu lilikuwa limetoka, akasema, "Na pale?"

Faida ya mlima huu ni kwamba huhitaji kumweleza mtu wa Nyeri uko wapi. Anauona akitoka kukamua ng'ombe. Wazee wetu waliuelekea wakisali. Mwaka 1963, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao aliipandisha bendera yetu huko juu, na kila mtoto wa shule ameisikia habari hiyo. Ukimwambia jirani, "Nichangie, nina shida," atakupa shilingi hamsini na huruma. Ukimwambia, "Mimi na huu mkono wangu naenda kule, na kila ulichonacho kitakuwa nauli ya mtu wa kwenda kliniki," atasimama akuulize maswali, na katika kuuliza anatoa simu mfukoni.

Si wote waliofurahi. Cucu mmoja wa Mukurwe-ini, ambaye naye ni mwenzetu wa kliniki, aliniangalia kwa muda mrefu kisha akaniambia, "Mwanangu, huo mlima sisi tuliuelekea tukiomba. Hatukuwa na haja ya kuukanyaga." Nilimwambia nitakanyaga kwa adabu. Akacheka, akatoa mia mbili.

Kabla ya kutangaza chochote tuliweka masharti, na hapa naomba wale wanaopanga matembezi yao ya hisani wanisikilize vizuri, kwa sababu hili ni jambo ambalo matangazo huwa hayalisemi. Tulikataa ahadi za kilele. Kuna mfanyabiashara mmoja mwema sana aliyetuambia, "Mkifika Lenana natoa laki moja. Msipofika, sitoi." Alidhani anatupa moyo. Lakini fikirini. Point Lenana iko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina karibu nusu tu ya msukumo wa hewa ya Mombasa. Mtu akiwa huko anaanza kuumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anayumba. Hizo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake kubwa ni kushuka. Sasa mtu huyo ana laki moja kichwani, ana nauli za wagonjwa sita kichwani. Je, atasema anaumwa? Hatasema. Atameza dawa ya maumivu na kuendelea, kwa sababu ni mtu mzuri. Ahadi ya aina hiyo inamwadhibu mtu mwenye busara. Tulimrudia yule mfanyabiashara tukamweleza, akatoa nusu bila masharti, na hiyo nusu tuliipokea kwa mikono miwili.

Sharti la pili lilikuwa la daktari. Kila mtembeaji alipata barua yake, na barua hazikufanana. Wale waliotiwa ile dawa nyekundu ya kemo walipimwa moyo kwanza, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuudhoofisha na huwezi kujua kwa kujiangalia kwenye kioo. Wote tulipimwa kiwango cha damu. Damu ikiwa pungufu hata ngazi za ofisi zinakushinda, sembuse mita elfu nne. Mimi niliruhusiwa kufika kambi ya Mackinder, mita 4,200, si zaidi, kwa sababu vidole vyangu vya miguu vina ganzi iliyoachwa na kemo, na safari ya kwenda kileleni huanza usiku wa manane, gizani, juu ya mawe na barafu. Mtu asiyesikia vidole vyake hatambui vinapoganda. Nilikubali bila ubishi. Wanane kati yetu walipata barua za kupanda, wanne wakiruhusiwa kujaribu kilele.

Mazoezi yalichukua miezi mitano. Tulianza na uwanja, kisha kilima cha Nyeri, kisha Karima kule Othaya, kisha Tumutumu. Kila Jumamosi. Wiki za kwanza nilikuwa nikilala mchana kutwa baada ya kurudi, uchovu wa kemo si kama wa kulima, haukutangulizi habari. Nilijifunza kufunga mkoba upya, kamba ya kushoto ikiwa imelegea na uzito wote ukikaa kiunoni, mkanda wa kifuani usiguse kovu. Titi la bandia la silikoni ni zito na hutokesha jasho, kwa hiyo kwa mlima nilivaa la kufumwa kwa uzi, ambalo wenzetu wawili kikundini huwafumia wengine. Tukaongeza mafuta ya jua na shati la kola ndefu, kwa sababu ngozi iliyopita kwenye mionzi haitaki jua, na jua la huko juu ni kali hata ukiwa unatetemeka kwa baridi.

Tulitumia njia ya Naro Moru. Wazoefu watauliza kwa nini, maana Sirimon ni laini zaidi. Jibu ni kwamba Naro Moru iko kwetu, waongozaji na wapagazi wake ni vijana wa kaunti hii, na matatu inafika. Ila ni njia fupi na kali, mwili haupati muda wa kuzoea. Basi tuliongeza siku. Siku ya kwanza tulitoka langoni, mita 2,400 hivi, tukapita kwenye msitu na mianzi hadi Met Station, mita 3,050. Siku ya pili watu wengine wangeendelea. Sisi tulilala hapo tena. Asubuhi tulipanda kidogo, tukarudi, tukanywa chai, tukalala. Kijana mmoja mtalii alitupita akasema ataonana nasi juu. Tulionana naye kesho yake, akishuka, uso una rangi ya majivu.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Juu ya msitu kuna kinamasi kinachopanda mlima. Kwa kawaida kinamasi hulala bondeni, hiki kimeamua vingine. Unakanyaga nyasi, mguu unazama hadi kwenye ndizi ya mguu, unauvuta, unakanyaga tena. Fimbo nilishika mkono wa kulia. Wa kushoto niliuinua kila baada ya nusu saa na kufungua na kufunga ngumi, damu na maji visitulie vidoleni, kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo ilinijia joto la ghafla. Nameza kidonge cha homoni kila siku, na kina tabia ya kuniwashia moto mwilini bila kubisha hodi. Ofisini ni kero. Kwenye mita 3,700, katika ukungu na upepo, niliwaambia wenzangu kwamba kwa mara ya kwanza naona faida yake, na yule mwongozaji kijana hakujua acheke au aangalie pembeni.

Mbele ya kinamasi, bonde la Teleki likafunguka, na ile mimea mikubwa ya lobelia na senesio imesimama kama watu wanaosubiri matatu. Tulifika Mackinder saa kumi jioni. Kuna pimbi pale, wanene, hawaogopi mtu, mmoja aliondoka na biskuti zangu zote. Juu yetu ukuta wa Batian na Nelion, ambao kupanda kwake ni kazi ya kamba na watu waliofunzwa.

Usiku ule wanne waliokuwa na ruhusa walikaa na mwongozaji, mmoja mmoja, akawauliza maswali: kichwa, tumbo, usingizi, tembea kwenye mstari ulionyooka. Mama mmoja wa Othaya, fundi wa nguo, alikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Kwenye Tumutumu alikuwa akituacha. Aliulizwa kuhusu kichwa, akajibu, "Kinauma tangu saa sita." Mwongozaji akamwambia basi asiende. Nilimtazama usoni nikitafuta kama kuna kitu kimevunjika. Akasema, "Sawa. Nani ana blanketi la ziada?" Kama ile laki moja ingekuwa imefungwa kwenye kilele, mnadhani angejibu swali lile vilevile? Mimi sidhani. Waliobaki watatu waliondoka saa nane usiku. Wawili walifika Lenana jua likichomoza. Wa tatu aligeuka karibu na kibanda cha Austrian, mita 4,790, akarudi na mwongozaji wa pili. Tulikuwa tumelipia waongozaji wa kutosha kwa sababu hiyohiyo, mtu mmoja akigeuka asiwalazimishe wengine, na wengine wasimlazimishe yeye.

Niliporudi mjini, wenzangu wa vyombo vya habari walinipigia simu. Walitaka picha ya kileleni. Niliwaambia sikufika. Kukawa na kimya, kisha mmoja akauliza kama kuna picha yoyote inayoonyesha "nimeishinda saratani." Nawapenda, tulisoma pamoja, lakini maneno hayo tuyaache. Daktari wangu hajaniambia nimeishinda. Ananiambia nirudi baada ya miezi mitatu. Na tukisema waliopona wameshinda, yule mama wa viazi tutasema nini juu yake? Kwamba hakupigana? Alivuna gunia baada ya gunia akiwa na mwili uliojaa dawa. Kichwa cha habari nilichowapa kilikuwa kuhusu nauli. Wawili walikitumia.

Sasa mambo ya pesa, maana najua mmekaa mkiyasubiri. Kila mtembeaji alijilipia kiingilio cha hifadhi, mwongozaji na chakula. Hakuna shilingi ya mchango iliyopanda mlima. Michango ilipitia namba moja ya paybill, si namba ya mtu, na kutoa pesa kunahitaji sahihi za watu watatu, mmoja wao akiwa si mgonjwa wala ndugu wa mgonjwa. Taarifa ya akaunti imebandikwa kwenye ubao wa kliniki, tarehe na kiasi, bila majina. Mgonjwa haandiki barua ya kuomba wala haleti barua ya chifu. Muuguzi anayepanga siku za kemo anajua nani ametoka mbali na nani amewahi kukosa. Siku mbili kabla ya miadi mhazini hutuma nauli kwa M-Pesa, ya mgonjwa na ya msindikizaji. Kama mgonjwa hakutokea, tunampigia simu. Hatumpigii kudai pesa. Tunampigia kumuuliza yuko wapi.

Hilo la kupiga simu ndilo naliona kubwa kuliko pesa, na ndipo nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mnapoingia. Kuna mtu katika kijiji chako ambaye alianza matibabu akaacha. Unamjua. Pengine anaona haya, pengine aliambiwa na mtu kwamba kisu husambaza saratani, jambo ambalo si kweli, pengine mume amesema inatosha. Usiende na hotuba. Muulize swali moja tu, "Miadi yako ni lini?" Kisha mlete jina kwa muuguzi wa kliniki. Na wale ambao bado hamjapimwa, mwanamke akiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, aende zahanati wiki hiyohiyo, hata kama haumwi. Uvimbe wangu haukuniuma hata siku moja.

Nimeulizwa na watu watatu mlangoni kama tutapanda tena. Ndiyo, Februari ijayo, Mungu akitujalia, kwa kuwa Januari na Februari ndiyo miezi ya ukavu. Mazoezi yanaanza mapema zaidi safari hii, Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya kilima cha Nyeri. Leta maji, viatu ulivyokwisha kuvizoea, na kitu cha kujikinga na mvua. Si lazima uwe umeugua. Waume, wana, mabinti, majirani, wote waje. Aliye kwenye matibabu au aliyefanyiwa upasuaji aje na barua ya daktari. Asiye na barua bado ana kazi. Atakaa na mhazini kwenye meza ya chai, na pale kunahitajika watu wawili wenye mwandiko mzuri na mmoja asiyeona haya kupiga simu.